Hofu ya Pili

Lilikuwa daftari la mazoezi, la aina ile ile ambayo mtoto huandikia hesabu. Mei 2008, katika vijiji viwili vya Kisii, ilisemekana limeokotwa kwenye shule ya msingi, na kwamba ndani yake zimeandikwa kumbukumbu za mkutano wa wachawi pamoja na majina ya watakaorogwa baadaye. Kundi la vijana likapita nyumba kwa nyumba. Watu 11 waliteketezwa, wanawake wanane na wanaume watatu, wengi wao wakongwe ambao vijana hao hao walikuwa wakiwaita magokoro na sokoro, bibi na babu.

Swali la kama daftari lenyewe lilikuwepo halinisumbui sana. Kinachonikaa akilini ni umbo lake. Yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya mazishi, bodi ya shule au chama cha akina mama huku kwetu anazijua kumbukumbu za mkutano: maombi ya kufungua, waliohudhuria, waliotuma udhuru, yatokanayo. Aliyeibuni habari ile alikuwa ameichukua hofu isiyo na kichwa wala miguu akaipa ajenda. Hofu isiyo na ajenda hukuacha macho usiku kucha, umelala chali, hujui ushike lipi. Ikishapewa ajenda inakuwa kazi, na kazi hugawanywa: huyu alete mafuta, yule afunge barabara.

Nataka kuzungumzia wasiwasi, huu wa kawaida unaomshika mtu kifuani saa nane za usiku, na najua ni ajabu kuanzia kwenye mauaji. Wengi wanaoandika juu ya mambo haya huanzia kwenye kuvuta pumzi polepole na kunywa maji mengi. Mimi ni wa huku, na huku Gusii wasiwasi uliofichwa umeshaacha makaburi. Nikitafakari namna ya kuishi na hofu zangu ndogo, siwezi kuzitenga na zile zilizowahi kutoka nje na panga mkononi. Ni hofu zile zile. Zimelala nyumba moja.

Justus Ogembo, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu kizima juu ya uwindaji wa wachawi Gusii, kilichotoka mwaka 2006, alichunguza wimbi la mauaji lililozuka mwaka 1992. Ukumbuke mwaka huo ulivyokuwa. Desemba kulikuwa na uchaguzi wa vyama vingi, wa kwanza tangu miaka ya 1960. Mapigano ya kikabila yalikuwa yanawaka Bonde la Ufa, na Mgusii wa mpakani alikuwa analala na viatu. Makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika mwaka 1989 na bei ikaanguka nayo, kwa hiyo mti uliosomesha kizazi cha baba zetu ukawa hauna maana hata ya kupaliliwa. Wakopeshaji wa ng'ambo nao wakaleta masharti ya kurekebisha uchumi, na masharti hayo yalipofika kijijini yalifika kwa sura ya mama anayeambiwa achangie gharama hospitalini wakati mtoto ana homa.

Mwaka 2008 ulikuja baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyofuata. Watu wetu walirudi kutoka Bonde la Ufa wakiwa wamebeba magodoro, na mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto. Kisha ukaja mwaka 2021, korona bado ipo, kalenda ya shule imebanwa hadi watoto hawajui muhula unaanza lini wala unaisha lini. Oktoba mwaka huo, katika kijiji cha Nyagonyi huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa. Ilivyoripotiwa, mambo yalianzia kwa mwanafunzi wa sekondari aliyepatikana hawezi kusema.

Hakuna anayeweza kuchora mstari ulionyooka kutoka bei ya kahawa hadi kwenye nyumba inayoteketea, na mimi sijaribu. Kuna miaka ya njaa ambayo hakuna aliyeguswa. Ninachosema ni hiki: mkulima hawezi kuliita soko la London likaja kwa baraza la chifu kujieleza. Hawezi kumwita Waziri wa Elimu amuulize mtoto wake atafanyaje mtihani kwa silabasi ambayo haijaisha nusu. Jirani wa ng'ambo ya ua anaitika ukimwita. Hofu yenye anwani ya mbali huhamia kwa aliye karibu.

Na aliye karibu yupo karibu kweli kweli. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,300. Nyamira, kaunti nyingine ya Gusii, walikuwa 605,576. Hizo ni takwimu za mji, lakini watu wenyewe wako shambani, kila mmoja na kipande chake cha chai, migomba michache, ng'ombe mmoja wa kamba na kaburi la babu. Ukikohoa kwako usiku, asubuhi unaulizwa umeamkaje na kile kifua. Katika msongamano wa namna hiyo, kuficha ni sehemu ya kuishi.

Robert LeVine na mkewe wa wakati huo, Barbara, walikaa Gusii katikati ya miaka ya 1950 wakaandika juu ya Nyansongo kitabu kilichotoka mwaka 1966. Miaka ya 1970 LeVine alirudi na Sarah LeVine, naye akaandika kitabu chake juu ya wanawake saba wa Gusii, kilichochapishwa mwaka 1979. Msomaji wa huku akivifungua vitabu hivyo anacheka kidogo, kisha anaacha kucheka, kwa maana anawaona shangazi zake. Wanawake hawatangazi mimba. Mtoto mnono hasifiwi. Mtu hapendi kuonekana amepata, maana macho ya mwenye wivu yana nguvu ya kuharibu. Mengi yamebadilika tangu hapo, ila hilo halijabadilika sana, limepanda ndege tu. Jamaa mmoja wa ukoo wetu tulijua amekwenda Marekani siku alipopiga simu akiwa Minneapolis, theluji imejaa dirishani nyuma yake. Minnesota ina Wagusii wengi kiasi kwamba harambee ya mazishi ya Nyaribari huweza kuanzia huko. Viza ya jamaa huyo haikutajwa, karamu ya kumuaga haikufanywa, na mama yake alituambia kijana yuko Nairobi anatafuta kazi. Baadaye tulikumbuka kwamba majuma yale yote shati zake mbili zilikuwa zinaanikwa kwenye kamba kila Jumatano, zikilowa na kukauka bila mwenyewe.

Siwezi kumcheka mama yule. Alijua anachofanya. Ukitangaza viza, wataanza kuja wenye karo, wenye mashauri, wenye kukukumbusha walikubeba mgongoni; na kama mipango ikiharibika, aibu ni yako peke yako. Kuficha heri ni akili. Tatizo ni kwamba mkono haujifunzi kuficha heri tu. Ukishazoea, unaficha kila kitu, hata kile ambacho kingekuwa chepesi kama kingetajwa.

Kwa wanaume imeongezwa sababu nyingine ya kuficha. Kila mtoto wa Gusii amesimuliwa habari ya Otenyo, aliyemchoma mkuki Mkuu wa Wilaya Geoffry Northcote mwezi Januari 1908, akichochewa na Moraa Ng'iti, mwanamke mwenye maono aliyewauliza wanaume wanangoja nini. (Northcote alipona, akapanda vyeo hadi kuwa gavana wa Hong Kong, Otenyo akauawa, na hadi leo kuna wanaodai fuvu lake lirudishwe kutoka Uingereza.) Katika simulizi zote nilizosikia, hakuna hata moja inayosema kama mkono wa Otenyo ulitetemeka. Nadhani ulitetemeka. Alikuwa anakwenda kumshambulia mtu ambaye nyuma yake kulikuwa na bunduki za mashine. Lakini sisi tulipewa mkuki bila mtetemeko, kisha Desemba ya tohara ikafika, tukaogeshwa maji baridi alfajiri na kuambiwa atakayekunja uso asirudi kwa mama yake. Tukajifunza uso. Ni uso mzuri, unafaa kwenye mazishi na mbele ya polisi. Saa nane za usiku haufai kitu.

Hata serikali ilikuwa upande wa kuficha. Hadi hivi majuzi, Mkenya aliyefikia hatua ya kujaribu kujiua, akaokolewa, aliweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kwa miongo yote kabla ya hapo, familia iliyokata kamba ikamshusha mtu wao akiwa bado anapumua ilikuwa na sababu nzuri ya kusema ameanguka mtini.

Kwa hiyo hofu zetu zimejitafutia milango ya nyuma. Mlango mkubwa ni presha. Keti kituo cha kununulia chai saa tisa alasiri, vikapu vimepangwa foleni, karani hajafika na mizani yake, mvua inakusanyika upande wa ziwa; sikiliza akina mama. Huyu ana presha. Yule presha imepanda tangu Jumapili. Wa tatu hata dawa za presha hazimsaidii. Baadhi yao wana shinikizo la damu la kweli, na ni ugonjwa wa kuua, usidharauliwe. Lakini kaa nao hadi chai ipimwe, utagundua presha ya wengine ilianza siku kijana alipofukuzwa chuo, au Oktoba, siku bonasi iliposomwa na ikawa tena chini ya ile ya wenzetu wa Kirinyaga. Presha inakubalika. Ina dawa, ina mashine, na haimwaibishi mtu. Hakuna anayesimama kwenye foleni ya chai akasema, jamani, ninaogopa.

Wazee wetu walikuwa na wataalamu wa kichwa. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyekuwa msimamizi wa hospitali ya Mathari katika miaka ya 1950, aliandika kwa kina juu ya waganga wa Gusii waliokuwa wakipasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu kwa mgonjwa anayeumwa kichwa kisichopona, mara nyingi baada ya kupigwa. Wagonjwa wengi waliishi. Hujiuliza mara kwa mara jinsi sisi, watu tulioweza kulifungua fuvu, tulivyoshindwa kuufungua mdomo.

Lakini nisiwaonee wazee. Walikuwa pia na omoragori, mpiga ramli, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, na mara nyingi alikuwa ameuguzwa na mambo hayo hayo kabla ya kuwa mtaalamu. Kwake mtu alikwenda kusema linalomsumbua. Majibu yake yalikuwa ya njia mbili. Angeweza kusema ni mzimu wa babu umesahauliwa, na hapo familia ingerudi nyumbani, itafute mbuzi, waketi pamoja wale, waseme yaliyokuwa hayasemwi. Au angeweza kusema ni mtu. Njia ya kwanza iliirudisha hofu nyumbani kwa mwenyewe na kumpa njia ya kukaa nayo. Njia ya pili iliivusha ua. Nafikiri historia yetu yote ya jambo hili imeamuliwa kwenye njia panda ile, mbele ya mwanamke mmoja mwenye vibuyu, na sisi tuliofunga kibanda chake kwa jina la maendeleo tulimwondoa yeye tukaiacha njia ya pili wazi.

Aliyenisaidia kuliona hili vizuri hakuwahi kufika Gusii. Claire Weekes alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1903. Kabla ya kuwa daktari wa tiba alikuwa mtafiti wa mijusi, na mwaka 1930 akawa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Sydney. Akiwa bado kijana aliambiwa ana kifua kikuu. Hakuwa nacho. Lakini wakati hilo lilipogunduliwa moyo wake ulikuwa umeshaanza kwenda mbio, na ulikataa kutulia hata pale alipojua ni mzima. Rafiki yake mmoja aliyepigana Vita Vikuu vya Kwanza akamwambia jambo ambalo askari walilijua: moyo unakimbia kwa sababu unauogopa, nasi mahandakini tulikuwa hivyo hivyo. Weekes aliishi na maneno hayo kwa miaka mingi, akawatibu watu kwayo, na mwaka 1962 akatoa kitabu kwa ajili ya wale ambao kliniki ziliwachosha. Mafundisho yake yalikuwa mafupi kiasi cha kuwaudhi wataalamu. Ikabili. Ikubali. Elea nayo. Uache muda upite.

Alitenganisha hofu mbili. Ya kwanza ni ya mwili: adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unapiga, viganja vinatoa jasho, tumbo linajikunja. Hiyo haina adabu wala haiombi ruhusa, na ikiachwa hupanda, ikafika kileleni, ikashuka yenyewe. Ya pili ni ile tunayoiongeza juu ya ya kwanza: mawazo yanayosema Mungu wangu, nini hiki, nimekwisha. Hofu ya pili huleta adrenalini nyingine, ambayo huleta mapigo mengine, ambayo huleta mawazo mengine, na mtu huzunguka humo hadi alfajiri. Kwa Weekes, anayekubali hofu ya kwanza ije na kukaa huinyima mafuta ile ya pili. Aliyejitahidi sana kuifukuza ndiye hukesha nayo.

Nikisoma hilo hapa kwetu, naona tofauti moja ambayo Weekes hakuwa na sababu ya kuiona. Kwa mgonjwa wake wa Sydney, hofu ya pili huuliza: nini kinanipata? Kwetu huuliza: ni nani? Mtoto wa Marani amefungwa sauti. Madaktari wa akili wanajua mwili uliobanwa na hofu unaweza kufanya hata hilo, sauti ikakataa kutoka ilhali koo ni zima. Hiyo ni hofu ya kwanza, na inatisha. Mzazi yeyote angetetemeka. Kati ya kutetemeka kwake na lile swali la nani kuna nafasi ndogo, labda ya usiku mmoja. Vifo vyote ninavyovijua vilitokea upande wa pili wa nafasi hiyo.

Hapa msomaji mkali atanisimamisha, na ana haki. Atasema: acha saikolojia, hayo ni mashamba. Mjane ana ekari moja na nusu, wana wa shemeji wanaitaka, na neno mchawi ni rahisi kuliko kesi ya ardhi. Ni kweli. Wanaowatetea wazee wamelisema hilo mara nyingi, na mimi naamini katika baadhi ya mauaji waliotangulia mbele hawakuogopa chochote, walikuwa wanahesabu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 bado ipo, na pamoja na kumwadhibu anayejidai mchawi, inamwadhibu pia anayemtuhumu mwenzake. Tungeitumia hiyo sehemu ya pili nusu ya tunavyoitaja ya kwanza, wajane wengi wangelala. Lakini mwenye tamaa ni mmoja au wawili, na wawili hawatoshi kuchoma nyumba ya mtu mchana. Wanahitaji umati, na umati hauji kwa ajili ya ekari ya mtu mwingine. Umati huja na hofu zake wenyewe, kila mmoja na ya kwake: huyu karo, yule ndoa, huyu kipimo ambacho hajaenda kuchukua majibu yake. Mwenye tamaa huleta kiberiti tu.

Wala kukubali hofu si dawa kwa kila mwenye hofu. Bibi anayesikia vijana wakipiga miluzi nje ya ua wake hapaswi kuelea na chochote. Anahitaji komeo, simu yenye salio na chifu anayepokea. Nalisema hili kwa sababu kuna mafundisho ya utulivu yanayouzwa siku hizi, kwenye semina na kwenye simu, ambayo yangemfundisha hata mtu anayezama kupumua vizuri.

Mimi mwenyewe nimejaribu mafundisho ya Weekes kwa namna ya kienyeji. Hofu ikija usiku siiulizi imetumwa na nani. Naiambia ikae. Naitaja kwa jina lake dogo kabisa: naogopa kwamba mama atakufa nikiwa mbali, naogopa kwamba kazi hii itaisha na nitarudi kijijini bila kitu cha kuonyesha. Yakitajwa hivyo, gizani, kwa sauti ya chini, yanakuwa mambo ambayo mtu mwingine yeyote pia angeyaogopa. Moyo hauachi kupiga mara moja. Ila unapiga ukiwa wangu.

Kanisani nimeona mlango ukifunguka nusu. Sisi Waadventista wa huku, tangu misheni ya Nyanchwa ilipoanza, tumekuwa watu wa ushuhuda. Ushuhuda una kanuni yake: husimuliwa tatizo likishaondoka. Nilikuwa mgonjwa, nikaombewa, nimepona, Bwana asifiwe. Sijawahi kusikia mtu akisimama kwenye maikrofoni akasema nilikuwa naogopa, nikaombewa, na bado naogopa. Lakini Jumatano jioni, kwenye maombi ya katikati ya juma, watu wakiwa wachache na taa moja ndiyo inayowaka, mzee wa kanisa huuliza kama kuna wenye mahitaji ya moyoni yasiyotajika. Hapo mikono huinuka. Huinuka karibu yote. Mzee huangaza macho, hutikisa kichwa, huomba kwa jumla, na kila mmoja hurudi nyumbani na la kwake, likiwa limeonekana lakini halijasikika. Nimekaa nyuma mara nyingi nikiitazama mikono ile, nikiwaza kinachoweza kutokea kama mmoja tu angeendelea na sentensi.

Niliwahi kusikia mtu akiendelea. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wakapewa mabegi yenye vifaa, mashine ya presha ikiwemo, na simu ya kuandikia kila nyumba wanayoitembelea. Mmoja wao ni msichana wa jirani na kwetu, upande wa Kebirigo. Alikuja kwa bibi mmoja mjane nilipokuwa nimeketi pale nje namsaidia kusoma barua ya kiwanda. Akamfunga mkanda wa mashine mkononi, ikavuma, ikalegea.

"Magokoro, presha yako iko sawa. Mia moja ishirini na nane kwa sabini na nane."

"Hiyo mashine imeharibika. Pima mkono huu."

Mkono wa pili ukatoa mia moja ishirini na sita. Bibi akaitazama ile namba kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Sasa huu moyo unaonigonga usiku ni wa nani?"

Msichana alikuwa na nyumba nyingine za kupitia, nilimwona akiangalia saa. Lakini hakuinuka. Akamuuliza unamgonga saa ngapi. Jogoo wa kwanza. Na ukigonga, magokoro, unakuwa unawaza nini? Bibi akanitazama mimi. Nikainuka nikajifanya naangalia ng'ombe, ambaye alikuwa hatua nne kutoka pale.

Akaanza na mjukuu aliye Qatar, ambaye zamani alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Akaja kwenye hatimiliki ambayo bado ina jina la baba mkwe, na wanawe watatu ambao wakija nyumbani siku hizi hawali meza moja. Akasema bonasi. Akasema goti. Alisema yote hayo kwa sauti moja, ya mtu anayesoma orodha ya duka. Kisha sauti ikashuka, nikalazimika kumkaribia ng'ombe kidogo ili nisikie.

"Na hao watoto wa hapo chini. Zamani walikuwa wananisaidia kuteka maji. Sasa wakiniona wanavuka upande wa pili wa barabara. Mama yao aliugua mwezi uliopita."

Msichana alinyamaza. Alijua, kama nilivyojua mimi, hilo ni neno gani.

"Hilo umemwambia nani, magokoro?"

"Si nimekuambia wewe. Liandike."

Msichana akaifungua simu, akapitisha kidole juu, akapitisha chini: sukari, chanjo, choo, maji ya kunywa, mama mjamzito.

"Hakuna mahali pake hapa."

"Basi liandike kwenye presha."